Msafara wa Binti Yangu Umepita Mlango Wetu

Dada mshauri mpendwa,

Nakuandikia kwa heshima nikitumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa kwako wote. Sisi huku hatujambo kwa kujikongoja. Baba watoto anakusalimu, goti lake linamsumbua lakini mdomo hauna ugonjwa, tangu asubuhi anabishana na redio. Mama mkwe anakusalimu, yeye masikio yamechoka, nilipomwambia nakuandikia akadhani namwandikia daktari, akasema nisisahau kutaja kifua chake, basi nimekitaja. Binti yangu wa katikati anakusalimu, na mtoto wake anakusalimu, ameota meno mawili ya mbele na anamcheka kila mtu. Kitindamimba wangu wa kiume anakusalimu, yeye yupo tu, kazi hajapata. Binti yangu wa kwanza sikuletei salamu zake kwa sababu hajui kama naandika, na yeye ndiye aliyenitia kalamu mkononi, nisaidie dada yangu, nimebanwa mbele na nyuma.

Elimu yangu ni ya darasa la nne, ukiona nimekosea nisamehe. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine zinafua na kukausha, sisi tunakunja. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama wawili mnatazamana, kila mmoja ameshika ncha zake mbili, mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka mikono inakutana, mnaachana tena. Mwenzangu wa kukunja naye ni Mama Pacha, na nyumbani pia tunapanga ua mmoja. Yeye ni mgeni, kwao kuliharibika, akaja na watoto wake mmoja mgongoni mmoja kifuani. Nilipolazwa kwa ajili ya tumbo, yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama mkwe wangu, na hakuna aliyemwomba.

Sasa huyu binti yangu wa kwanza ni mwanasheria, anatetea wafanyakazi, na mwaka huu anagombea ubunge. Mtaani wanamwita Wakili. Ana roho nzuri, wala sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Hospitali ilipompa mkandarasi kazi yetu ya kufua, na wenzetu wengi wakaachishwa, ni yeye aliyekwenda mahakamani. Lakini akianza kueleza jambo, dada, anaeleza mpaka chai inapoa, mara sera, mara mfumo, mara ushirikishwaji, na sisi tunatikisa vichwa kama watu wanaoelewa.

Mpinzani wake wanamwita Tarumbeta, kwa ile sauti yake. Huyo hana maneno marefu. Alikuja kichochoroni kwetu kwa miguu, mtaro ulikuwa umefurika, akakunja suruali, akashika viatu mkononi, akavuka, akaja kukaa kwenye benchi na baba watoto, akamuuliza goti linaendeleaje. Goti, dada. Sijui nani alimwambia habari za goti. Mume wangu alifurahi kama aliyetembelewa na kaka yake marehemu. Kisha Tarumbeta akatuuliza, kazi zenu kazichukua nani? Akajijibu mwenyewe, mgeni. Neno moja tu, mtu analitia mfukoni anaondoka nalo.

Wiki ileile wakaja vijana wa binti yangu, wamevaa fulana zenye picha yake, wanapita mlango kwa mlango wakiuliza watu maswali na kuminya simu. Hawakunijua, ni vijana wa kutoka mbali, nami nilikuwa nimetoka kazini kilemba kimelowa, nikasema ngoja ninyamaze nisikie mwanangu anavyosemewa. Kijana mmoja akanisomea mambo, akaniuliza lipi linakusumbua zaidi, mambo mazuri yote, lakini mtaro haukuwemo na mkandarasi hakuwemo. Nikasema mtaro. Akasema mama, chagua katika haya. Akaniuliza nina maoni gani kuhusu wageni, nikamuuliza mgeni yupi, akasema wageni kwa jumla. Nikamwambia kwa jumla siwajui, mimi namjua mmoja. Akaminya simu yake. Mwisho akaniuliza, katika wagombea nani anawasikiliza watu kama wewe, nami mtu akiniuliza kwa adabu siwezi kumdanganya, nikasema Tarumbeta, maana yeye alikuja. Akanishukuru vizuri sana, akatoka, na pale nje nikamsikia akimwambia mwenzake, "Hawa wamekwisha. Tusirudi."

Kumbe wanaojibu vizuri wanabandikiwa picha mlangoni. Milango ya barabarani yote ina sura ya binti yangu. Mlango niliomlelea haukubandikwa kitu.

Jumapili Tarumbeta akafanya mkutano uwanjani, jirani zangu wakasema twende tukacheke, nikaenda. Na kweli anachekesha. Akamwiga mwanangu anavyoongea, mpaka ule mkono wake wa kurekebisha miwani, akasema kumsikiliza Wakili ni kama kusoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa, ukimaliza unaumwa zaidi. Nikacheka. Nilicheka kabla sijakumbuka anayechekwa ni nani. Kisha akasema hata shuka utakalofunikwa ukifa limekunjwa na mkono wa mgeni, na mwanao amekaa nyumbani. Nikamfikiria kitindamimba wangu alivyokaa. Watu wakapiga makofi na mikono yangu nayo ikapiga. Nilipogeuka Mama Pacha yuko nyuma yangu, mtoto mmoja amembeba, mmoja amemshika mkono, anaitazama mikono yangu.

Habari ya makofi hajaigusa mpaka leo. Asubuhi yake kazini akachukua shuka, akalibana kwa kidevu, akalikunja peke yake. Ananisalimu kama kawaida, hata hali ya mama mkwe anauliza, lakini anakunja peke yake na mimi peke yangu, mashuka yetu yanatoka yamepinda, na msimamizi ameanza kuyatazama.

Juzi msafara wa binti yangu ukapita barabara kubwa, magari na muziki. Nikafagia, nikamvika mama mkwe gauni lake la kutokea, tukasimama pale kichochoro kinapoanzia, nimeshika jagi la maji na glasi, maana namjua, tangu mdogo akiongea sana koo linamkauka. Gari la mbele likapunguza mwendo, nikasogea. Kijana aliyekaa na dereva akatazama simu yake, akapunga mkono, endelea. Wakapita. Binti yangu alikuwa amegeukia upande wa pili, anawapungia wa kule. Mama mkwe akaniuliza, "Yule si wetu?" Nikamwambia siye. Nyuma yangu mtu akasema, hata mama yake hamtaki, kampita.

Jioni nikampigia simu, nikamuuliza mbona hamkuingia kwetu. Akasema, "Mama, kule tumeshapoteza. Muda hautoshi, tunakwenda kwa wanaotuelewa." Sauti ilikuwa imechoka, nikaona huruma. Hajui ni mlango gani uliowaharibia. Kisha akaniambia Jumamosi ni mkutano wake wa mwisho, anataka nipande jukwaani nisimame kando yake, na maneno ya kusema wameshaniandikia. Kitindamimba amenisomea. Yanaanza, "Mimi, mama mfanyakazi wa kipato cha chini." Dada, mimi sijawahi kujiita hivyo hata siku moja. Nitasimamaje pale na jirani wote waliniona nikimpigia makofi yule mwingine? Na Mama Pacha akiwa chini ananitazama? Nikikataa atataka kujua sababu, nikimpa sababu nitamvunja moyo kura zimeshafika mlangoni, naye anaongea kwa ukali lakini moyo wake ni kama wa baba yake, ukiuminya unabonyea. Na la mwisho naona haya kuliandika. Kura yangu mwenyewe sijui nitampa nani.

Nipande au nisipande, niseme au ninyamaze? Jina langu usilitoe. Nijibu upesi dada yangu, Jumamosi isinikute hivi, kila nikisikia gari nje nadhani wamekuja kunichukua.

Mama wa chumba cha kufulia

*

Mzazi mwenzangu,

Salamu za nyumba nzima nimezipokea. Kifua cha mama mkwe kipelekwe kwa daktari, mimi ninachoweza ni haya mengine.

Pole kwa lile jagi la maji. Nimelea na mimi, najua lilivyokuwa zito kulirudisha ndani likiwa limejaa.

Sasa nikugombeze. Usiniambie mikono ilipiga makofi, kana kwamba uliiazima. Uliyepiga ni wewe. Tarumbeta alivuka mtaro viatu mkononi, sawa. Je, aliuzibua? Maji si bado yapo? Alimuuliza mumeo habari za goti, na goti likiwa bado linasikia raha akakuonyesha jirani wa kumchukia. Huyo hakuja kukutembelea, alikuja kukutuma. Na wewe unajua kazi za wenzenu zilikwenda kwa nani, umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako. Ila mkandarasi hapangi ua mmoja nanyi, hamjui hata sura yake, ndiyo maana anazomewa Mama Pacha.

Na wewe Wakili, kama gazeti hili linafika kwenye hayo magari yenu, keti usome. Unayoyasema ni kweli, lakini ukweli wako umeuweka kwenye kabati la juu, kisha unawalaumu wafupi. Umewatuma vijana wasiojua mtaa wakaulize watu maswali ambayo majibu yake mmeshayachagua. Mtu amesema mtaro, mnamwambia haumo. Amesema anamjua mgeni mmoja, na hilo ndilo jibu bora mlilolipata mtaa mzima, nanyi mkamfuta. Unakwenda kwa wanaokuelewa, je, wale wasiokuelewa umewaachia nani? Unajua umemwachia nani. Sikutumi ukamtukane mgeni ili nawe upigiwe makofi, maana wanaotaka hayo wanaye bingwa wao tayari. Lakini "mkandarasi kachukua kazi yenu" nayo ni sentensi fupi, mama yako angeitia mfukoni. Mbona hukumpa? Umewatetea watu mahakamani, kisha unaogopa benchi lao.

Narudi kwako mama. Jukwaani usipande. Ukipanda na maneno ya kuandikiwa, jirani watacheka, safari hii watawacheka wawili, wewe na mwanao, na Tarumbeta hatahitaji hata kuwaiga.

Kesho kazini, kabla ya yote, nenda kwa Mama Pacha. Mwambie, nilikukosea na uliona, nisamehe. Ukomee hapo. Usimweleze jinsi mzaha ulivyokuwa mtamu wala habari za mwanao asiye na kazi, hayo atakusikiliza siku akitaka. Chukua shuka, shika ncha zako mbili, simama mbele yake. Asipozishika zake, usinung'unike, lirudishe mezani, na kesho yake ulishike tena. Makofi ulipiga mbele ya uwanja mzima, kwa hiyo jirani wakimsema uani, mjibu aliyemsema, na umjibu kwa sauti ileile uliyochekea.

Kisha mwite binti yako. Aje kabla ya Jumamosi, kwa miguu, bila muziki, bila fulana, na yule kijana wa simu abaki huko huko. Avuke mtaro kama walivyouvuka wengine. Akae kwenye benchi la baba yake na asifungue mdomo mpaka jirani wamalize kumsema. Watamsema vibaya. Mwache asemwe, wewe usimtetee, na yeye asirekebishe miwani. Wakimaliza aseme mawili matatu ambayo mama mkwe wako, na masikio yake yale, anaweza kuyarudia.

Sitakudanganya kwamba atashinda. Mtu aliyelishwa hasira muda mrefu hashibi kwa jioni moja ya benchi, na nimeona wengi wenye nia njema wakirudi nyumbani mikono mitupu, wakati wenye kelele wakibebwa mabegani. Huenda amechelewa. Lakini kushindwa na watu uliowakalia mbele ukawasikia ni jambo moja, na kushindwa na watu uliowapita na gari ni jingine, na la pili haliponi. Kura yako sikuulizi, ni yako na sanduku. Ila usiipige kabla hajaja.

Mpigie leo. Atakwambia tena hana muda, kule wameshapoteza. Usilie, na usizunguke mbuyu. Mwambie, "Mwanangu, yule waliyemfuta ni mimi." Usiongeze la pili. Hilo moja alitie mfukoni.

Ukishakata simu, jaza lile jagi, ukae nalo mlangoni.