Siku Baba Alipokalia Kiti

Mwaitu, mama yangu,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi ambao ni paka na kuku wachache, natangaza kwamba Jumamosi mume wako alikalia kiti. Kile cha plastiki, cha bluu. Alikikalia kwa makalio yote mawili, tangu chai mpaka nyama ikaisha, na alipoinuka alitembea miguu ikiwa jirani tena.

Cheka tu. Lakini ngoja nikueleze, maana nimekuwa na hamu ya kukuambia mpaka leo nimeshona mfuko wa shati la mtu mgongoni.

Tangu tukuzike, Baba alikuwa hakai. Anakula amesimama. Anachagua ndengu amesimama. Kanisani alisimama hata wakati wa matangazo, mpaka pasta akasema, "Tazameni mzee anavyosimama na Bwana!" Nikatazama. Alikuwa amesimama na Bwana kweli, lakini miguu ameitenganisha kama mtu anayevuka mtaro.

Nilijua ni nini. Tangu ile operesheni yake, mkojo haumngojei. Nilijua wewe ndiye uliyekuwa ukimvalisha zile nepi za watu wazima, na kwamba ulizifuata mpaka Kibwezi ambako hakuna anayekujua, ukarudi nazo kwenye gunia la unga kama mtu aliyebeba bangi. Sisi sote tulijua na sisi sote hatukujua. Ndiyo nthoni yetu hiyo, haya ya heshima: binti hataji kiuno cha baba yake hata kikiwaka moto. Mwenye ruhusa ulikuwa wewe, na ukaenda nayo.

Basi Baba akawa fundi wa kujifundisha, kama mimi. Akamtuma mtu wa boda-boda alete "ile kubwa kabisa," zikaja nepi za kumtosha yeye na pasta pamoja. Zikawa zinakunjana mapajani. Ndani akapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, mengi, maana yakiponya chuchu za ng'ombe yatashindwa na nini? Juu ya mafuta akamwaga poda. Mwaitu, hiyo haikuwa dawa, ilikuwa uji. Na kwa vile ni kiangazi na maji ni yale punda wetu Sajini anayobeba kutoka mtoni, akaona kubadilisha ni anasa: moja, asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwenda kanisani alivaa mbili na mshipi juu. Nimejuaje? Takataka husema, na anayezichoma ni mimi.

Ningenyamaza kama si Syombua, binti yangu, mwenye jina lako. Watu wa mchumba wake, wa Mutomo, walitaka kuleta mbuzi wa ntheo, na unajua bila mbuzi hao msichana bado hajaolewa, hata akizaa kumi. Kwa kuwa amezaliwa na kulelewa kwenye boma hili, wa kuketi na wageni ni Baba. Na Baba kila wakati anasema, "Waje mvua ikinyesha." Walipouliza kwa nini, akawaambia, "Huyu ni mke wangu, ana jina la mke wangu. Siwezi kuwapa mke wangu haraka hivyo." Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Halafu mama ya kijana akaacha kushika simu, na Syombua akaacha kula. "Babu hawapendi," akaniambia. Ningemwambia nini? Kwamba ndoa yako imekwama kwenye mapaja ya babu yako?

Nikaanza utafiti. Nilivaa moja mwenyewe, mwaitu! Niliimwagia maji ya vuguvugu, nikaketi kwenye cherehani, nikapiga pedali kutwa nzima. Wateja waliniuliza mbona nimekunja uso. Kufika jioni nilijua kila kitu: haikuumi pale unapofikiria, inakuuma pale lastiki inapopita kwenye kunjo la paja, na inauma zaidi ikiwa imelowa. Nilisikia haya na huruma kwa wakati mmoja. Mzee huyo alikuwa anatembea hivyo kila siku na kutuambia ni baridi yabisi.

Lakini nitamwambiaje?

Sajini ndiye aliyeniokoa. Punda huyo alikuwa na kidonda mgongoni, pale matandiko yanaposugua chini ya mitungi. Nikamfunga karibu na Baba, ambaye alikuwa anachagua ndengu wima, nikaanza kumsemesha punda kwa sauti.

"Sajini, wewe umechubuka kwa sababu gunia lako hulowa na hulibadilishi. Likilowa, litoke!"

Baba hakugeuka. "Na maji ya kumwosha punda kila saa yatatoka wapi?"

"Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, Baba. Bila sabuni ya kipande, hiyo inakausha ngozi. Halafu anaguswaguswa mpaka akauke. Hasuguliwi."

"Hmm."

"Na apate upepo kabla ya kuvalishwa tena."

"Punda ana heshima zake, Mwende."

"Basi punda afunge mlango."

Ndengu zikaanguka kwenye ungo, chache chache. Kisha akauliza, polepole, "Mafuta je?"

"Yale meupe ya watoto. Kidogo tu, kama unapaka kioo. Ukijaza mafuta, gunia halinyonyi. Na poda hapana."

"Magunia mawili?"

"Ni joto mara mbili. Moja, la kipimo chake, lisilo na mikunjo."

"Na akizidi kuumwa?"

"Kidonda kikitoa maji, aende dispensari."

"Punda huyu hapandi boda-boda," akasema. Lakini alisema akicheka, mwaitu. Alicheka!

Kipimo sikuhitaji kumuuliza. Suruali zake nazishona mimi, kiuno chake nakijua kuliko pasta anavyoijua Yohana tatu kumi na sita. Nikaenda Kibwezi, kwa duka lako lile lile, nikarudi na gunia la unga. Suruali ya sherehe nikaishona pana mapajani, kitambaa chepesi. Nilipokwenda kuviweka kwenye sanduku lake alipokuwa kanisani, nikaona vitambaa. Miraba midogo, laini, imekunjwa vizuri. Ilikuwa ile leso yako ya maua mekundu. Ile uliyosema imeibwa kwenye kamba. Ulimkatia yeye.

Nilikaa hapo sakafuni. Nikakumbuka nilivyokuwa nakusikia nyuma ya mlango, "Tulia bwana, nakupangusa, sisugui sufuria," na mimi nikidhani mnabishana juu ya vyombo.

Haya. Jumamosi! Wakaja, mwaitu, na mbuzi wanene, wakiimba toka barabarani. Baba akakaa. Mama ya kijana akamtazama akikaa, na uso wake ukafunguka kama dirisha. Mchana Baba akainuka kwa upole, akasema, "Nisameheni kidogo, naenda kumwangalia punda," akaingia nyumbani, akafunga mlango, akarudi na kukaa tena. Alaasiri vilevile. Mzee mmoja wa Mutomo akatikisa kichwa: "Mtu anayejali punda hivi hawezi kumnyima kijana wetu mke." Na Baba akasema, "Mchukueni mke wangu, nimechoka naye." Syombua akapiga kigelegele mwenyewe, kinyume cha adabu zote.

Jioni mzee yule alinivuta kando. Akasema na yeye ana punda, huko nyumbani, anayesumbuka hivyo hivyo, eti dawa yake ni nini? Alikuwa akitazama chini. Nikamtazama alivyosimama: mtaro ule ule. Nikampa kopo letu la mafuta meupe, na maelezo yote, nikimtazama mbuzi wakati wote.

Lala, mwaitu. Miraba ya leso yako sitaigusa, ni ya wenyewe. Gunia la unga nitalifuata Kibwezi kila likiisha, nami naahidi Baba hatanisikia hata siku moja nikitaja kiuno chake. Tutaendelea kuongea juu ya Sajini, kwa heshima zote.

Sajini mwenyewe bado ana kidonda.

Mwende wako