Kifungu cha Saba na Sufuria ya Mama

Jumatatu, 9 Juni

Katika kibanda cha wakalimani tangu asubuhi. Kaski za kusikilizia masikioni, chupa ya maji, baridi inapenya chini ya mlango. Mimi na mwenzangu Mbuyi tunapokezana. Kifaransa kinaingia, Kiswahili kinatoka. Wajumbe wa nchi zote za Umoja wetu wamekuja Lubumbashi kutafuta msimamo mmoja juu ya Nchi Ile ya ng'ambo. Jina lake siliandiki hata hapa. Mkalimani anakula kiapo.

Vijana wetu wamefungiwa kule. Waliahidiwa kazi za hoteli, wakanyang'anywa pasipoti, wakakalishwa mbele ya kompyuta ili wawatapeli watu wa dunia nzima. Serikali ya kule inajua na inaangalia pembeni. Wapo kutoka karibu kila nchi ya Umoja. Mdogo wangu Ilunga yuko huko tangu Krismasi. Humu ndani anayejua ni Mbuyi tu.

Leo wamegombana siku nzima juu ya ajenda. Chakula cha mchana kilikuwa kuku, mbuzi na sombe ya majani ya mihogo. Hapo walielewana haraka.

Jumanne, 10 Juni

Kifungu cha saba ndicho changu. Kinasema nchi zote zinadai vijana waachiwe, wote kwa pamoja, na hakuna nchi itakayosaini mkataba mpya na Nchi Ile kabla ya hapo. Nguvu yake iko kwenye hilo neno pamoja. Nchi ikienda peke yake inashikwa mkono na kuvutwa chumba cha pembeni. Zikienda zote hakuna chumba cha kuzitosha.

Ila mmoja akikataa, kwisha. Ndiyo sheria ya Umoja. Na jirani yetu mwenye bahari anajengewa bandari na Nchi Ile. Mjumbe wake anatabasamu, anaomba "lugha ya kiungwana". Asubuhi tulikuwa na "tunalaani". Kabla ya chai, "tunasikitishwa sana". Baada ya chai wakaitoa "sana". Jioni imebaki "tumepokea taarifa".

Taarifa! Ilunga analala sakafuni, wao wamepokea taarifa. Na mimi nimeyatafsiri yote kwa sauti nzuri. Nimefika nyumbani nikapiga mswaki, nikapiga tena.

Jumatano, 11 Juni

Mama amenitia aibu. Halafu nimejionea aibu kwa kumwonea mama aibu.

Anauza samaki sokoni pale Ruashi, wale wanaotoka Kasenga. Kasikia sokoni kwamba mkuu wa ujumbe wetu, mzee tunayemwita Papa Mkurugenzi, ni mtu wa kwetu, kaskazini, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli kama babu. Basi, imetosha. Akapika samaki mkubwa, akafunga sufuria kwa kitenge, akapanda basi. Natoka kwenda mapumziko namkuta mapokezi ya hoteli tunamofanyia kikao, kwenye viti vya ngozi, sufuria magotini.

Papa Mkurugenzi akashuka, mama akamweleza habari za Ilunga. Alikula palepale, kwa vidole, na bukari, ugali wa hoteli. Akala mpaka kichwa, ambacho nyumbani ni cha Ilunga, hakiguswi. Akalamba vidole. "Mama, mutoto wako ni mutoto wangu. Inchi yetu haiwezi kumuacha."

Mama akapiga magoti. Sikuyapenda yale magoti. Sufuria ikapanda na mabaki chumbani kwake.

Alhamisi, 12 Juni

Jirani mwenye bahari amelegea! Ghafla tu, baada ya chakula. "Tunadai" imerudi. "Wote kwa pamoja" imerudi. Kifungu cha saba kimesimama kizima.

Sasa imebaki desturi yao moja. Maandishi yanalazwa usiku mmoja. Anayetaka kupinga anasema kikao kikifunguliwa asubuhi. Asiyesema amekubali. Wanaita utaratibu wa kimya.

Nililia chooni, kwa furaha. Mbuyi yeye hakufurahi. "Mado, mutu anakataa siku mbili, siku ya tatu anakubali na kucheka. Huyo amekwisha kupata kitu." Nikamwambia anyamaze, asiniletee mikosi. Mama sikumwambia neno, lakini aliniona uso, akaimba akiosha vyombo.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike haraka.

Kazi yetu ina kanuni. Mkalimani hasemi "bwana huyu anasema". Mjumbe akisema mimi, nawe unasema mimi. Unavaa mdomo wake. Miaka yote sijawahi kuona ubaya wake.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Nikaanza kuhesabu pumzi zangu. Kisha taa ya kipaza sauti ikawaka. Ya kwetu. Papa Mkurugenzi.

Zamu ilikuwa yangu. Nikasema: "Mimi, kwa niaba ya nchi yangu, naomba..." Mbuyi akanyoosha mkono kwenye swichi anipokee. Sentensi ilikuwa imeshaanza. Nikaimaliza. "...naomba kifungu cha saba kiondolewe. Kila nchi ilishughulikie jambo hili kwa njia zake."

Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Ilitoka safi, kama natangaza mlango wa ndege.

Hakuna aliyeshangaa. Hakuna aliyeuliza sababu. Mjumbe wa bandari alikuwa kwenye simu yake. Walipiga makofi, wakatoka kupiga picha. Nyuma ya hoteli nikaona magari meusi mapya, plastiki bado kwenye viti. Nikamuuliza dereva ni ya nani. "Ya itifaki, mama. Zawadi ya Nchi Ile kwa wakubwa wetu." Alijivunia, maskini.

Washenzi. Wote. Na mimi nilikuwa mdomo wao.

Jumamosi, 14 Juni

Redio imetoa kikao kwa Kiswahili. Maana yake imenitoa mimi.

Mama alikuwa sokoni, redio ya muuza chumvi iko wazi. Kamsikia binti yake anaomba kifungu cha vijana kiondolewe. Mimi, kwa niaba ya nchi yangu. Soko zima limesikia. Sauti yangu wanaijua, nasoma masomo parokiani kila mwezi. Mama akafunika samaki, akarudi nyumbani kwa miguu.

Nilipoingia alikuwa amekaa jikoni. Hakunitazama. Nilitaka kueleza. Kiapo kikanizuia. Kiapo gani hiki? Kinamlinda nani?

Jumapili, 15 Juni

Misa. Mama benchi la mbele, mimi la nyuma. Hakuna aliyenipa mkono wa amani ila mtoto mmoja.

Jumatano, 18 Juni

Vijana wa jirani mwenye bahari wamerudi kwao. Ndege nzima. Picha zimejaa kwenye simu, kina mama wanagaagaa uwanjani kwa furaha. Vijana wao tu.

Sasa naelewa kicheko cha Alhamisi. Waliingia chumba cha pembeni, wakapewa watoto wao. Kisha wakakubali kifungu kwa mbwembwe kwa sababu walishajua ni nani atakayekiua asubuhi. Nawachukia. Lakini wao walau waliuza sauti yao kwa watu wao. Sisi kwa magari.

Nikakitupa kiapo. Nikakaa sakafuni mbele ya mama, nikamwambia yote, tangu Jumatatu.

"Ile sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na maneno?"

"Ya yule papa."

"Sasa juu ya nini ulisema 'miye'?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi gani hiyo, Mado?"

Kisha akauliza: "Na samaki yangu alikula?" Nikasema alikula, hata kichwa, ulimwona. "Sufuria iko wapi?"

Alhamisi, 19 Juni

Nimeenda hotelini. Papa Mkurugenzi ameondoka siku nyingi. Mhudumu kaniletea sufuria kutoka stoo, wameikuta chini ya kitanda. Miiba imekauka ndani. Juu ya miiba, majivu ya sigara.

Nilitaka kuiosha njiani mama asione. Sikupata maji. Aliona. Akachota mchanga, akasugua mpaka jua likazama. Hakutukana. Nilitukana mimi, kwa niaba yake.

Ofisi ya wakalimani imepiga simu. Kuna kikao kingine mwezi ujao, Umoja uleule. Nimekataa. Mbuyi pia.

Jumapili, 22 Juni

Baridi kali. Mama amepika samaki kwa sufuria ileile.

Ilunga alipiga mchana. Wanapewa simu mara chache, kwa dakika. Mama akamsalimu, akamuuliza kama anakula. Kisha akaninyooshea simu. "Umwambie weye. Na sauti yako."

Nikamwambia. Wale wa jirani wamerudi kwao, hiyo alishajua, vitanda vyao viko wazi. Nikamwambia ni nchi yetu ndiyo iliyokataa. Nikamwambia aliyesema ni papa mmoja wa kwetu, na aliyeyatia maneno yake Kiswahilini ni mimi, asishangae akisikia.

Nilisikia watu nyuma yake wakigonga vitufe.

"Mama amepika nini?"

"Samaki."

"Kichwa munichungie."

Mama alikuwa ameshakiweka kwenye sahani, amekifunika.