Mtungi Niliopaka Rangi

Jumatano, Oktoba, jioni. Mlolongo.

Leo joto limebadilika tabia. Wiki jana lilikuwa lile letu la Ukambani, kavu, la kupasua midomo: unatoka jasho, na kabla hujatafuta leso limeshakauka. Ukikaa kivulini unapata nafuu. Leo wapi! Jua hata si kali kama la jana, kuna mawingu, lakini tangu asubuhi blauzi imenishika mgongoni na kivuli hakisaidii kitu. Jasho linatoka, linakaa hapo hapo.

Mchana kutwa nimekuwa nikiwaza mtungi wa Susu. Na niko na jambo la kukiri, shajara, kwa hivyo kaa vizuri.

Susu ni nyanya yangu, mama yake Mwaitu, na Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Mtungi wake wa udongo ulikaa kwenye kona ya jikoni, pale kijijini kwetu Katelembo, juu ya mchanga. Tukitoka shule na vumbi mpaka kwenye kope, hatukusalimia mtu, tulikimbilia kikombe cha bati. Maji yale! Baridi ya kuuma meno, yananukia udongo. Mtungi wenyewe ulikuwa umelowa nje, na Susu alitufundisha kwamba hilo ni jasho lake, na hewa kavu ikilibeba ndipo maji hupoa. Mtungi ni kama mtu, alikuwa akisema. Jasho likikauka anapata raha, likikataa kukauka anateseka.

Nimekunywa soda za friji za kila aina tangu siku hizo. Hakuna iliyowahi kunipa raha ile.

Kila mwisho wa kiangazi ilifika siku maji ya mtungi yakakataa kupoa. Susu alikuwa akionja, akikunja uso, akisema hewa imejaa maji, mvua iko njiani. Kesho yake tunaingia shambani kupanda kunde kwenye vumbi, zingoje huko huko. Mwaitu alirithi mtungi na akarithi ulimi. Mpaka leo kuna majirani watatu ambao humngoja yeye ashike jembe ndio nao washike.

Sasa, kosa langu.

Mimi nauza rangi. Mwaka wa nane huu niko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ukiniuliza rangi ya ukuta, ya mbao au ya mabati, nakujibu nikiwa nimefumba macho. Mwezi wa nane walikuja nyumbani watu wa kumposa dada yangu mdogo, na mimi mjuaji nikaona aibu ya ule mtungi wenye madoa. Nikabeba mkebe wa rangi ya mafuta, ile nyekundu iliyokolea tunayoiita damu ya mzee, nikaupaka nje wote, mara mbili, na maua meupe shingoni. Wageni wakausifu. Mwaitu, ambaye macho hayamsaidii sana siku hizi, akaupapasa akasema umekuwa laini kama sahani. Nilijiona mtoto mwema sana.

Ilikuwa bado baridi wakati huo, maji yalikuwa baridi hata kwenye sufuria, kwa hivyo hakuna aliyegundua kitu.

Mwezi uliopita joto lilipoingia, Mwaitu akaonja maji. Vuguvugu. Siku ya pili, vuguvugu. Akatoa mbegu zake za kunde, zile zile za Susu anazozihifadhi kwenye majivu, akapanda zote. Majirani wakafuata. Wiki tatu sasa, hata tone. Kwale wamezifukua mbegu, na wadudu wakamaliza zilizobaki.

Jumapili nilienda nyumbani nikamkuta amekaa. Hakuwa ameenda kanisani, Mwaitu ambaye huenda hata akiwa na homa. Akaniambia nimtafutie mtu wa kukodisha shamba. "Mwende, kichwa changu kimeanza," akasema. Nilijua anamaanisha nini, kwa sababu sote tulimwona Susu miaka yake ya mwisho, kila asubuhi akimuuliza Mwaitu jina lake. Mwaitu anaogopa hilo kuliko kaburi.

Nami nikamwambia pole, hali ya hewa imeharibika kila mahali siku hizi. Nikasema hayo nikiwa na kikombe mkononi, nikinywa maji ya mtungi ule ule. Vuguvugu, na sikuwaza lolote.

Leo saa nne akaja mteja amefura kuliko ukuta wake. Rangi imetoka malengelenge. Nikaanza mahubiri yangu ya kila siku: ukuta ukiwa na unyevu usiuzibe na rangi ya mafuta, maji hayapati pa kutokea, lazima upumue...

Hapo nikauona mtungi. Mteja akaniuliza kama ninaumwa.

Wueh. Ujuaji mwingi, mbele giza.

Nikiri na hili pia: sikupiga simu mara moja. Kwanza nilipanga kwenda kimyakimya niikwangue rangi bila kusema. Halafu nikapanga kununua mtungi mwingine. Niliogopa, bana. Watu wamepoteza mbegu kwa sababu yangu, na Jumapili niliwapa mkono nikicheka. Lakini kila nikimkumbuka Mwaitu amekaa vile, roho ilikataa. Saa kumi na moja nikapiga, nikamwambia yote bila kupumua, rangi, maua, jasho la mtungi lililokosa pa kutokea.

Nilingoja kutukanwa, na nilistahili.

"Kumbe si mimi," akasema.

Kisha tena, polepole, "Kumbe si mimi." Akaanza kucheka. Mimi nililia wazi wazi nyuma ya mikebe, na aliyetaka kununua misumari akangoja.

Alipomaliza kucheka sauti yake ikawa ile ya zamani, ya kutuma watu. Zile kunde nilizokupa Pasaka, umepika? Nikajibu sijapika, ziko kwenye chupa ya jemu kabatini, ni uvivu tu. Kwa mara ya kwanza maishani akaushukuru uvivu wangu.

Halafu akauliza, "Na wewe huko, jasho lako linakauka?"

Nikajishika mgongo. "Tangu asubuhi halijakauka, Mwaitu."

"Basi kuja kesho mapema."

Nimeomba ruhusa kazini. Msasa na chupa ya kunde viko kwenye mkoba. Nitapita kwanza kwa wale majirani, mlango kwa mlango, nijieleze kwa mdomo wangu mwenyewe, na kila mmoja nimwachie konzi ya mbegu. Sijui watanipokeaje.

Nyumba imekuwa jiko, lakini nimezima feni. Nimekaa tu, kila mara napeleka mkono mgongoni.

Bado pamelowa.