Magunzi Niliyoyatia Motoni

Jumatatu, 26 Mei

Nimetoka mafundisho sasa hivi. Wamekuja watoto kumi na mmoja, wengine wawili wameenda kuvuna na wazazi wao. Tumerudia swali la kwanza hadi la thelathini. Restituta wa jirani hakosei hata moja, anatiririka tu. Frida, mjukuu wangu, naye anajibu, ila anachelewa. Anatazama pembeni kwanza, kama anamtafuta mtu, ndipo jibu linakuja. Huwa nagonga meza ili aharakishe.

Padre anakuja kigangoni kuwapima Jumamosi ya tarehe saba. Watakaofaulu watapokea Komunyo ya Kwanza sikukuu ya Ekaristi. Gaudensia, binti yangu, kapiga simu kutoka Namanyere, ambako anapika chakula na kuuza. Gauni jeupe la Frida limeshashonwa. Mwaka jana mtoto alikosa kwa sababu ya surua. Mwaka huu asikose, Mungu nisaidie.

Mahindi yamekauka. Kesho kupukuchua.

Jumatano, 28 Mei

Leo nimejua Frida anamtafuta nani pembeni.

Nimemkuta nyuma ya kihenge. Kapanga magunzi kama ishirini, kila moja kalifunga kitambaa. Kila gunzi lina jina, na lina swali lake la mafundisho. Mmoja ni Nuhu, analalamika harufu ya wanyama. Mmoja ni Toma, kapewa kifungo cha koti langu la zamani. Ananyoosha kidole, anasema, "Bwana, mkono wangu una baridi, usishtuke." Pembeni gunzi moja kubwa limelazwa kivulini. Nikauliza, huyu nani? "Huyo Mungu, bibi. Shh! Ni siku ya saba."

Nilicheka. Nasema kweli maana hapa hakuna wa kunisoma. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kisha Mama Restituta akatokea, kafuata ungo wake. Akasimama. "Mwalimu, mjukuu wako anaongea na magunzi? Hapa petu? Haya. Watu wakianza kusema, utawafunga midomo?"

Kicheko kikakauka. Hapa kwetu mtu akionekana anaongea na kitu kisichojibu, huitwa mchawi kabla hajajieleza. Nami ni mwalimu wa dini. Nikapaza sauti ili jirani asikie: Mungu hafanywi gunzi, hiyo ni dhambi. Nikawazoa wote. Frida hakulia. Alisema, "Bibi, huyo wa mwisho bado sijamaliza kumfundisha."

Nimewatia motoni, nikapika ugali. Magunzi makavu yanawaka vizuri. Tukala, yeye na mimi.

Jumamosi, 31 Mei

Mafundisho. Frida amekosa swali la nne. Amekosa la tano. Nimemchapa kiganjani. Moja tu.

Jumanne, 3 Juni

Baridi kali. Upepo unapiga bati kutwa nzima.

Namfanyisha mazoezi asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi. Nauliza, anatazama pembeni, anakuta ukuta. Macho yanarudi matupu. Nikimsomea jibu analirudia vizuri, nikigeuka limeshapotea.

Nimeanza kuelewa. Sitaki kuelewa.

Mimi nilifundishwa kwa fimbo. Swali, jibu, swali, jibu. Nayajua yote mpaka leo, hata uniamshe usingizini. Lakini miaka yote hii sijawahi kufikiri kwamba mkono wa Toma ulikuwa na baridi. Na ulikuwa nayo. Mtu mwenye hofu mikono yake hupoa. Mtoto wa miaka tisa kaliona hilo, mimi mwalimu sikuliona.

Leo mchana nilimjaribu Restituta. Nikamwambia, hilo jibu ulilosema, niambie kwa maneno yako. Akalirudia lilelile, haraka zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Padre amekuja. Kumi na wawili wamepita.

Frida alisimama wa mwisho. Padre ni mpole, akamwuliza jepesi. Nani aliyekataa kusadiki mpaka aguse? Mtoto akatazama pembeni. Akatazama chini. Midomo ikafunguka, hakuna kitu.

Padre akanigeukia. "Mwalimu, huyu vipi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, Padre, anajua kuliko sisi wote, mimi ndiye niliyemnyang'anya. Wazazi walikuwa wamekaa pale, na Mama Restituta mstari wa mbele. Nikasema, "Mvivu, Padre. Nyumbani ni kucheza tu."

Frida akaniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayehakikisha kama kweli ni mimi.

"Basi asubiri mwaka ujao."

Njiani hakunishika mkono. Nimesema uongo kanisani, mbele ya tabernakulo, juu ya mtoto. Naandika hivyo ili niuone kwa macho.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Sikupokea Komunyo. Nilibaki kwenye benchi, watu wakaniruka magoti.

Alhamisi, 12 Juni

Gaudensia amepiga simu. Habari zilimfikia kwa watu wa basi. Alilia. "Mama, huyo mtoto kila Jumapili alikuwa ananisimulia safina kwenye simu mpaka nasikia harufu ya wale ng'ombe. Leo ndiye mvivu?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Frida anachota maji, anafagia, anasoma daftari lake. Hana kosa hata moja. Nyumba ina utulivu ambao nilikuwa nautaka siku zote, na siuwezi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepanda bodaboda mpaka parokiani, vumbi mpaka kwenye meno. Nimeungama. Nilieleza yote: magunzi, jirani, ugali, neno lile la mvivu. Nilidhani Padre atakasirika kwa ajili ya gunzi lililoitwa Mungu. Hakukasirika. Akasema, "Na alikuwa amemlaza kivulini?" Nikasema ndiyo. "Kivulini," akarudia, kama mtu aliyepewa zawadi.

Aliniondolea dhambi. Akasema nimlete mtoto Jumamosi ijayo, atamsikiliza tena, wawili tu. Nikashukuru, nikainuka. Akaniita.

"Mama, mimi umeniambia. Yeye je?"

Kitubio changu ndicho hicho. Ningepewa rozari mia ningeshukuru zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia. Tulikuwa tunapepeta ulezi, nikaona mikono ikiwa na kazi mdomo utapata nguvu. Nikasema, Frida, wewe si mvivu. Bibi alisema uongo kwa sababu aliogopa watu. Na wale wenzako sikuwatupa, niliwachoma. Nisamehe.

Aliendelea kupepeta. Akasema, "Najua, bibi. Kifungo cha Toma nilikikuta kwenye majivu kesho yake."

Alijua kabla ya fimbo. Alijua siku zote zile, akanyoosha kiganja nikamchapa. Nikauliza mbona hukusema? "Ungeona haya."

Niliingia ndani. Nilikaa juu ya gunia la mahindi. Kuna kusamehewa kunakouma kuliko kukaripiwa.

Jioni nikampigia Gaudensia, nikamweleza bila kuruka kitu. Hakupiga kelele. Akasema, "Nimesikia, mama," akakata.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia Frida, twende tukatengeneze wengine. Magunzi yapo tele, vitambaa nitatoa, hata kanga yangu mpya nitakata. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

"Hawaji hivyo, bibi," akasema. "Si wewe unayewaita. Wanakuja wenyewe."

Nikarudisha mkasi mahali pake.

Jumamosi, 21 Juni

Tumekwenda parokiani. Mama yake kafika na basi la asubuhi, gauni kalifunga kwenye nailoni. Tukabaki nje. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia.

Padre hakuuliza swali. Alisema, "Nimesikia una marafiki wanaokusaidia kukumbuka."

"Nilikuwa nao."

"Ukitaka, kesho utapokea. Nakuamini. Bibi yako ameshanieleza."

Gaudensia alinishika mkono, tangu afike asubuhi alikuwa hajanigusa. Kisha tukasikia ile sauti ndogo: "Padre, naomba mwaka ujao. Nikipokea kesho nitakuwa peke yangu. Wale bado hawajarudi."

Padre hakubishana naye. Alimwekea mkono kichwani.

Gaudensia alilia njia nzima. Mimi sikuruhusu machozi. Kulia ni kwa asiyefanya kosa. Mwaka mzima mtoto atasubiri nje ya meza ya Bwana, na aliyemweka nje ni mimi. Nimeondolewa dhambi, naamini hivyo. Mwaka haujaondolewa.

Jumapili, 22 Juni

Sikukuu ya Ekaristi. Watoto kumi na wawili, nguo nyeupe. Frida alikaa kati yangu na mama yake. Aliimba. Nilipokwenda kupokea nilisita, akanisukuma kidogo mgongoni.

Mchana tulikula wali na kuku. Gaudensia akalala kidogo, basi lake ni kesho. Nilikuwa naosha vyombo Frida alipokuja na Restituta, Restituta akiwa bado na gauni lake jeupe, pindo limeshakuwa na vumbi. Wakasema wana wa Israeli wako jangwani na mtu mmoja amepungua.

Nikauliza, mimi nani?

Frida akanipima kwa macho, juu mpaka chini. "Wewe uwe wingu."

Sijui kuwa wingu. Miaka hamsini na mbili, sijawahi kuwa kitu kingine. Nikajifuta mikono, nikaenda kusimama uani walipoonyesha. Upepo ulikuwa unakata. Nikauliza, wingu linafanya nini?

"Linatembea, bibi. Sisi tunafuata."

"Kwenda wapi?"

"Popote utakapokwenda."

Nilisimama pale kitambo. Niliogopa kupiga hatua. Nyuma yangu nikawasikia wametulia, wananisubiri. Basi nikaenda, polepole, kuelekea upande wa matuta, nikiangalia pa kukanyaga.