Mti Wako Umetoka Sebuleni

S.L.P. 418,
Kakamega.
19 Mei 1996

Mpendwa mdogo wangu Abigail,

Hujambo huko Leeds? Baridi imepungua, au bado unavaa soksi mbili mbili? Sisi ni wazima, ila goti la Baba humsumbua mvua ikinyesha. Na mvua ya mwaka huu haijui kupumzika, kwa hiyo fikiria mwenyewe anavyonung'unika.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya woga. Ni ule mkuyu wako mdogo wa mapambo, uliouacha kwenye chungu karibu na dirisha la sebule. Miaka mitatu nimeutunza ulivyoniagiza. Natia kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia. Jumamosi napangusa majani yake yanayoinama, moja moja, na nikiyapangusa nakukumbuka hadi nakukasirikia.

Pasaka tulikuwa na wageni wa maombi. Nikausukuma hadi kwenye kona yenye giza ili viti vienee. Wiki haikuisha, majani yakaanza kupukutika. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia asubuhi na jioni mpaka udongo ukanuka. Kila siku nilifagia majani huku nikilia kama mjinga.

Hapo ndipo barua yako ilipofika, kwamba umeongeza mkataba wa kazi. Kwamba Mama hayupo tena, kaka zetu wamegawiwa shamba, na wewe huna pa kurudi. Nilimsomea Baba. Akaniomba nirudie sehemu hiyo ya mwisho.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nikakuta chungu kitupu mlangoni. Nilimfokea Baba, Mungu anisamehe. Akanijibu bila kuinua macho, "Mukumu si ya kukaa ndani kama ingokho inalalia mayai. Nimeipatia mahali."

Abigail, ameupanda upande wa chini wa lango, kwenye kile kipande alichojibakizia. Unajua mwenyewe Baba huwapandia wanawe wa kiume tu mukumu, huo mkuyu wa kwetu, siku wanapoonyeshwa pa kujenga. Mimi niliyerudi kutoka kwa mume na Sylvia mgongoni sikupandiwa hata mchicha. Niliona wivu, sikufichi. Halafu nikaenda kuchota maji ya kuumwagilia.

Kaka Shikanga alikuja kuuliza tangu lini msichana akapandiwa mti. Baba alimwambia alete fito azungushie ua, mbuzi wasiule. Alileta, amenuna hivyo hivyo.

Sasa umetoa machipukizi manne. Baba huenda kuyatazama kila jioni akiburura lile goti, na kila akirudi naona amechoka kuliko jana. Nakukosa sana, mdogo wangu. Nimechoka kuzungumza na wewe kwa kitambaa cha kupangusia majani. Kiwanja unacho sasa, na mwenye kukupa bado yupo.

Sylvia anakusalimu, anataka picha ya theluji. Shikanga naye anakusalimu, pamoja na mkewe Ayuma. Mungu akufunike huko uliko na akufungulie njia ya kuja.

Baba amekataa nikuandikie salamu zake. Anasema uje uzichukue mwenyewe, kabla hajalala karibu na Mama.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Jael