Fundo Ambalo Hukuniletea

Baba Yustina,

Nianze na mpunga, maana najua ndio ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza nimelalaje. Tumevuna. Ulituacha mpunga ukiwa umeanza kuinama, ndege wanatusumbua, na siku ile presha ilipokuangusha kwenye jaruba la chini ulikuwa umeshika kopo la kufukuzia ndege. Kopo lile ninalo. Jirani zetu wa hapa Magamba na wanajumuiya walikuja wakavuna, wakapiga, wakapeta, mimi nikiwa nimeketishwa ndani na kina mama kama mgonjwa. Magunia wamefunga wao. Wameyafunga ovyo, ungecheka.

Redio siwashi. Baiskeli yako ina pancha na sijaipeleka kuzibwa. Kigangoni nakaa pale ukutani ulipokuwa unakaa wewe, ili asikae mtu mwingine, na aliyekosea akakaa nimemwinua. Nimekuwa mkali. Yustina aliniambia kabla hajarudi kwa mumewe kule Sibwesa, "Mama, siku hizi hata kuku wanakukimbia."

Lakini barua hii si ya mpunga wala ya kuku. Kuna jambo nimelibeba miaka mitatu, na Jumamosi iliyopita, siku ya arobaini yako, limenitoka mdomoni mbele za watu kwa kelele bila maneno. Ni jambo la kule ziwani. Ngoja nilisimulie lote toka mwanzo, ingawa unalijua, maana nikianza kurukaruka nitalikimbia tena.

Ilianza na ile picha. Ulipokuwa kijana ukipika kwenye kambi ya watalii, mzungu mmoja na mkewe walikuachia gazeti, ukachana ukurasa ukaubandika ukutani juu ya redio. Mtu na mkewe kwenye mashua yenye tanga, pwani ya nchi isiyo yao, jua kali, miguu peku, mume anamkorogea mke chai. Ulikuwa ukiitazama unasema, "Hawa hawana haraka na mtu." Ndoa yetu ilipotimiza miaka ishirini na tano, ndugu wakaanza kutaja kamati, keki na ndafu. Ukasema, "Hakuna sherehe. Hicho kidogo tulichonacho tutakitumia kutembea ziwani, mimi na mke wangu, mpaka Zambia." Dada yako Skola alinuna mwezi mzima. "Nyie mmekuwa wazungu tangu lini?"

Kwa uwezo wetu, mashua ya kutembelea ilikuwa boti ya mizigo. Tuliipandia Karema, imejaa mchele wa kupeleka ng'ambo, na kiti chetu kikawa magunia. Nahodha alikuwa bahili wa dizeli. Upepo ukiwa mzuri anazima injini anapandisha tanga, na wewe ukaniminya mkono, "Unaona? Unaona sasa?" Nilikuwa naona maji. Maji ninayoyajua mimi ni ya jaruba, yanaishia kwenye muundi wa mguu. Wewe na mimi hatukujua kuogelea hata kidogo.

Ndipo ukatoa kile kitenge cha manjano cha jubilei yetu, kipande kizima ambacho fundi hajakigusa. Ukasema tujifunge, upande mmoja kiuno changu, upande wa pili kiuno chako, atakayeanguka mwenzake amvute. Nahodha alicheka mpaka akakohoa. "Nyie watu wa mpunga mnataka kunizamishia wawili kwa mpigo!" Hukumjali. Ulifunga fundo lako kama unavyofunga siku zote, unazungusha mara nne bila mpango. Mimi nikafunga langu. Mafundo ya nyumba yetu yalikuwa yangu, Baba Yustina. Magunia, mbuzi, mizigo ya baiskeli, kuni. Nikifunga mimi hakidondoki kitu. Na la kwako likikazana, hata kamba ya kiatu, unaniletea. "Mama Yustina, nifungulie hili." Nimekufungulia maisha yangu yote, huku nakusema.

Siku mbili za mwanzo upande wa Zambia sikuwahi kukuona vile. Tulikuwa tunafuata ufuko, boti inashusha magunia kijiji hadi kijiji, na sisi tunashuka tunatembea juu ya mchanga wa moto katikati ya dagaa walioanikwa. Ulijaribu Kifipa cha mama yako kwa mwanamke aliyekuwa anauza mihogo, naye akakujibu. Ukarudi kwangu mbio kama mtoto, "Wananisikia! Nimefika nchi ya watu na wananisikia!" Ukanunua mihogo mingi kuliko tunayoweza kula, kwa furaha tu. Asubuhi ya pili ukaomba maji ya moto kwa mpishi wa boti, ukakoroga chai kwenye kikombe cha bati, ukaniletea pale juu ya magunia. Miaka ishirini na tano hukuwahi kunikorogea chai. Ulikuwa umevua viatu makusudi, ufanane na yule wa kwenye picha. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Niliimaliza.

Ule upepo ulikuja mchana kweupe. Tanga lilipasuka, boti ikalala ubavu, magunia yakaanza kuteleza na wewe ukateleza nayo. Nilisikia kitenge kinakaza kiunoni. Kilinivuta. Miguu yangu ikaanza kwenda kule uliko, na kule uliko kulikuwa na maji.

Nilifungua.

Nimekuwa nikijiambia kwamba mikono ilijifungulia yenyewe. Si kweli. Fundo langu halifunguki kwa bahati mbaya, lina mahali pake pa kuvuta, na mimi napajua. Nilipatafuta kwa kidole, nikavuta. Kitenge kikanitoka, ukaenda. Ulishatoka nusu mwili nje ya boti pale baharia alipokudaka mkanda. Mimi nilikuwa nimekumbatia mlingoti.

Upepo ulipotulia ulikaa chini umelowa, unatetemeka, ukakivuta kile kitenge kutoka majini. Ukafika kwenye ncha yangu. Ilikuwa imenyooka, haina hata alama. Uliishika muda. Watu wote walikuwa wanatutazama, na nahodha akaanza kusema, "Sasa huyu mama..." Ukamkatiza. "Fundo lake lilikuwa legevu. Huyu kufunga hajui kabisa, mnamuona hivi hivi tu." Ukacheka. Wakacheka. Ukanigeukia, "Si lilikuwa legevu?"

Nikasema, "Ndiyo. Lililegea."

Wewe, uliyepanda baiskeli miaka yote hiyo na mizigo niliyofunga mimi, ulisema sijui kufunga! Nilijua unajua. Na wewe ulijua kwamba najua. Tukarudi kwa basi la barabarani, bila kumaliza safari, ukasema tutakwenda tena kuimalizia. Kila mwaka ukaniambia, mwaka huu twende, na kila mwaka nikawa na sababu: mara mpunga, mara mguu, mara Yustina anajifungua. Ulidhani naogopa maji. Nilikuwa najiogopa mwenyewe. Mara ngapi nilitaka kukuambia? Nilishafika hadi kukuita, ukaitika, nikakuuliza kama umefunga mbuzi.

Sasa sikiliza ya Jumamosi. Baada ya misa na chakula, wazee wakasema nguo za marehemu zigawiwe, ndivyo ilivyo desturi. Skola akafungua sanduku lako. Koti likaenda kwa mdogo wako, shati za kanisani kwa watoto wa Skola, viatu kwa yule ambaye vinamtosha. Nilikuwa nimetulia, muulize mtu yeyote. Halafu akaingiza mkono chini kabisa akatoa kitenge cha manjano.

Sikujua kipo. Nilidhani ulikiacha kule kule botini.

Upande mmoja umenyooka. Upande wa pili una kitanzi cha kiuno chako, na fundo lako lile baya, la kuzungusha mara nne. Lilikuwa bado limefungwa. Inamaanisha siku ile ulikivua kwa kukipitisha miguuni kama kaptula, ukakikunja, ukakiweka chini ya nguo, na hukukigusa tena. Skola akasema, "Hiki kinanitosha mimi," akaanza kuling'ang'ania lile fundo kwa kucha, halafu kwa meno. Nilipiga kelele ambayo sikuipiga hata siku ya kaburi. Nilimnyang'anya. Wazee wakanishika, Skola mwenyewe akasema, "Nyie mwacheni, ni uchungu huo," na mimi nikaliacha neno hilo lisimame, kama nilivyoacha lile lako lisimame kule ziwani.

Toka Jumamosi nawaza jambo moja. Mafundo yako yote ulikuwa unaniletea mimi nifungue. Hili hukuniletea. Miaka mitatu limo sandukuni, mita chache kutoka kitandani petu, na hukusema, "Mama Yustina, nifungulie hili." Kwa sababu ungenipa kitenge kile mkononi ningekiona, na ningekiona ningeaibika. Ulinistahi hadi umekufa. Ningependelea ungenitukana, mume wangu. Ungenipiga hata neno moja kali, tungelia, tungemaliza, tungekwenda kuimalizia ile pwani yako.

Nisamehe. Halikulegea. Nilifungua mimi, kwa mkono wangu, ili nibaki.

Na nimebaki kweli. Ndicho nilichokipata.

Leo asubuhi, peke yangu chumbani, nilijifunga ile ncha yangu kiunoni, fundo langu la magunia, lisiloteleza. Upande wako nikautandaza sakafuni hadi upande wako wa kitanda. Nikavuta taratibu. Kitenge kikaja chote, na kitanzi chako nyuma yake, hakikukwama popote. Nilivuta tena na tena. Kila mara kinakuja tu.

Skola nimempa vitenge vyangu viwili vizuri, tumepatana. Hiki hakigawiwi. Nimemtumia Yustina neno arudi mwisho wa mwezi, nimwambie yote haya kwa mdomo, asije akasikia nusu, na nimfundishe fundo langu mpaka mkono wake ulizoee. La kwako halitafunguliwa na mtu. Nafasi iliyo kando ya kaburi lako nimewaambia wazee ni yangu, wamekubali. Siku nikiletwa, kitanzi chako kitalazwa juu ya udongo wako, na ncha ya pili Yustina atanifunga mimi kiunoni, kwa nguvu, apige na lile la ziada la kuzuia.

Pumzika, Baba Yustina. Mpunga nitauangalia mimi.

Siku hiyo wewe vuta tu. Nitakuja.

Mkeo,
Mama Yustina