Vidonge Vilivyotupwa Migombani

Penina, natoka kumzika babu Kaanaeli. Nina hasira mpaka nacheka!

Enzi za Mwingereza bibi Hanna aliugua homa ya mapafu, daktari akampa vidonge vya penisilini. Babu akavitupa migombani. AKAVITUPA! Eti, "Mke wangu si mtoto! Dawa ni sindano!" Kichwa cha kufugia nywele tu.

Akashuka mjini Maji ya Chai kutafuta mchoma sindano. Huku nyuma bibi akatambaa, akaviokota, akawa anavimeza kwa siri.

Babu akarudi na jamaa wa sindano, bibi akachomwa. Alipopona, babu akatamba maisha yake yote: "Sindano yangu!"

Leo mchungaji kaisifu sindano hiyo hiyo kaburini. Bibi akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, yale yalikuwa maji. Nilimwona yule tapeli akiyachota kwenye ndoo yangu."